Silvanti Minj na Ukuta wa Chumba cha Harusi

Marehemu Silvanti Minj, binti wa ukoo wa Khalkho, alizaliwa tarehe 3 Novemba 1963 hapa hapa Khairatola, wilaya ya Hazaribagh, majira ambayo mpunga umeanza kukatwa na wanawake wanasiliba kuta upya baada ya mvua. Alikuwa mtoto wa kwanza wa marehemu Paulus Khalkho na marehemu Etwari. Uchungu ulimshika mama yake akiwa na udongo hadi kwenye viwiko, na mtoto akatoka kabla mama hajapata nafasi ya kunawa. Ndiyo maana bibi zetu walizoea kumtania kwamba yeye aliguswa na udongo kabla ya kuguswa na maji. Mdogo wake, Yohan, alizaliwa miaka minne baadaye. Yohan ndiye aliyeandika wasifu huu, na ndiye anayeusoma.

Wazee mliopo mnazikumbuka kuta za Etwari. Kila mwaka mvua ilikuja ikazifuta, na kila mwaka alizichora tena: ng'ombe na mpanda farasi kwa sikukuu ya mifugo, tausi na samaki na tembo kwa harusi. Kazi ya harusi ndiyo ngumu. Ukuta hupakwa kwanza udongo mweusi, ukaachwa ukauke kabisa. Kisha hupakwa juu yake udongo mweupe uliolowa, na kabla huo mweupe haujakauka, mchoraji hupitisha kitana, na weusi wa chini hutokea kwa mistari. Ukichelewa kidogo, mweupe humomonyoka kama ugali mkavu. Kwa hiyo kazi hiyo hutaka watu wawili, mmoja wa kupaka na mwingine wa kuchana, na tangu akiwa na miaka saba mtu wa pili wa Etwari alikuwa Silvanti.

Jumapili moja ya mwaka 1970, baba yao aliinua kitana cha pekee cha nyumba akakuta kimebaki na meno sita.

"Nani amekula meno ya kitana changu?"

"Ng'ombe," Silvanti akajibu.

"Ng'ombe gani?"

"Yule wa ukutani, Baba. Alikuwa hana manyoya."

Mzee Paulus akaenda ibadani nywele zimesimama kama kishungi cha jogoo. Katekista alipomwona mlangoni alimwuliza, "Paulus, leo umekuja na upepo?" Baba alisimulia kisa hicho mpaka anakufa, na kila mara alikuwa akicheka kabla hajafika mwisho.

Silvanti alisoma shule ya misheni mpaka darasa la kumi, akamaliza mwaka 1980. Alikuwa mwanafunzi wa wastani katika hesabu na mkaidi katika mengine yote. Mwaka 1982 alichaguliwa kwenda kusomea uuguzi na ukunga mjini Hazaribagh, na mwaka 1984 akapata cheti chake.

Kwa karibu miaka arobaini alikuwa muuguzi wa vijiji. Alibeba sanduku la chanjo begani, akaendesha baiskeli kwenye njia za msituni ambako tembo hupita, na wengi mliosimama hapa leo mlipokelewa na mikono yake. Hakupenda uzembe. Aliwahi kumfukuza bwana mmoja kutoka kwenye chumba cha kujifungulia kwa maneno haya: "Wewe kazi yako uliimaliza miezi tisa iliyopita. Nenda ukapike wali." Alistaafu tarehe 30 Novemba 2023, akiwa tayari mgonjwa.

Tarehe 7 Mei 1988, siku ya Jumamosi, Silvanti alifunga ndoa na Alfons Minj, dereva wa malori ya makaa ya mawe, mtu mpole aliyeimba bila kujua tuni. Hapa wasifu huu lazima useme jambo ambalo familia ingependelea lipitwe. Lakini wasifu unaosema mema tu ni nusu ya ukweli, na nusu ya ukweli haifai kusomwa mbele ya jeneza.

Kwa desturi yetu, bwana na bibi arusi hulala usiku wa kwanza nyumbani kwa bibi arusi, na kuta za chumba hicho huchorwa na mama yake. Etwari aliifanya kazi hiyo kwa siku sita, akisaidiwa na jirani, kwa kuwa bibi arusi hachori chumba chake mwenyewe. Kwenye ukuta wa kichwani alichora tembo jike mwenye mtoto tumboni, mtoto huyo akionekana wazi, amejikunja, kwa sababu binti yake alikuwa mkunga. Watu walitoka vijiji vya jirani kuja kuutazama.

Yohan alikuwa na miaka ishirini. Alikuwa amerudi kutoka chuoni wiki hiyo hiyo, na stashahada ya ualimu mkononi na dini ya kukariri kichwani. Aliona michoro ile ni mabaki ya miungu ya mababu. Hakumwuliza mchungaji wala baba yake. Ijumaa asubuhi, wanawake walipokwenda kuteka maji, alikoroga ndoo mbili za chokaa akazipaka kuta zote nne.

Etwari alirudi na mtungi kichwani, akasimama mlangoni.

"Umemaliza?"

"Ndiyo, Mama. Sasa ni safi."

"Haya," akasema. "Waambie wageni wasiegemee, watachafuka."

Akaenda kumimina maji yake. Silvanti alikuja na mikono mitupu, mwili mzima umepakwa manjano ya harusi. Aliutazama ukuta.

"Ungeniuliza, Yohan. Chumba kilikuwa changu."

"Nilikuwa nailinda ndoa yako, dada."

"Kutokana na tembo?"

Silvanti alilala usiku wake wa kwanza wa ndoa katika harufu ya chokaa mbichi. Mungu aliibariki ndoa hiyo kwa watoto wawili, Anup na Nilima, na Silvanti na Alfons waliishi pamoja kwa upendo karibu miaka ishirini na minane.

Etwari hakuchora tena. Sikukuu mbili za mifugo zilipita, naye akasiliba kuta zake kwa udongo mtupu, akazilainisha kwa kiganja, basi. Yohan alisimama kanisani akatoa ushuhuda kwamba mama yake amekua kiimani. Etwari alikuwa ameketi benchi la tatu, akainamisha kichwa. Homa ilimchukua tarehe 19 Septemba 1990. Silvanti naye hakugusa udongo wa kuchorea kwa miaka ishirini na tisa. Aliyemwuliza alijibiwa kwamba muuguzi anatakiwa awe na kucha safi.

Alfons alifariki tarehe 11 Machi 2016. Anup alikuwa ameajiriwa katika mji wa mbali wa Pune, Nilima yuko mjini Ranchi, na Silvanti akabaki peke yake katika nyumba ya saruji waliyojenga mjini. Mwezi Oktoba 2017 alikwenda kumtazama mzazi katika kijiji cha ng'ambo ya mto. Alipotoka alimkuta bibi mmoja akipaka ukuta mweupe juu ya mweusi, kisha akiuchana kwa vidole vinne. Silvanti alisimama na sanduku lake begani mpaka yule bibi akageuka.

"Sista, unamngoja nani?"

"Sijui, bibi."

"Kama hujui, nishikie bakuli."

Alilishika lile bakuli mpaka jua likageuka. Alirudi mjini na donge la udongo mweusi limefungwa katika pindo la sari, na jioni hiyo akaupaka ukuta wa baraza ya nyuma. Asubuhi aliukuta wote uko sakafuni. Udongo hushika udongo, haushiki saruji.

Hapo ndipo ukaidi wake wa shuleni ulipopata kazi. Kila Jumapili baada ya ibada alijaribu njia nyingine. Alichanganya udongo na maji ya wali, mchwa wakaja. Alitumia maziwa ya mgando, akaja paka. Alijaribu gundi ya seremala, ukuta ukang'aa kama sahani na kitana kikateleza. Alichora kwenye gunia lililosilibwa kwa kinyesi cha ng'ombe, kwenye vigae vya paa, na kwenye karatasi nzito aliyotumiwa na Nilima. Aliacha kitana akajaribu mti wa kusugulia meno, ncha yake ikiwa imetafunwa ikawa brashi. Alichora kwa nyasi, kwa unyoya wa bata, na kwa bomba la sindano lisilo na sindano, ambalo lilimpa nukta nzuri kuliko zote.

Mke wa Yohan, Sushila, alimtembelea siku moja akakuta baraza imejaa mabaka.

"Wifi, huu ni ukuta au umeubandika chapati?"

"Chapati. Kaa ule."

"Mimi nakwambia tia chokaa kidogo. Chokaa inashika saruji vizuri sana."

"Nitatia kila kitu kilichoko duniani, wifi," Silvanti akasema. "Chokaa sitii."

Sushila, ambaye aliolewa baadaye na hakuwa amesimuliwa, alirudi nyumbani akamwuliza mumewe dada yake ana ugomvi gani na chokaa.

Ilimchukua miaka mitano. Mwaka 2022 aliipata njia: kuukwangua ukuta wa saruji mpaka uwe na mikwaruzo, kuusiliba kwa tabaka tatu nyembamba za udongo wenye makapi ya mpunga na gundi ya mgunga iliyolowekwa, kila tabaka likauke, ndipo uje mweusi, ndipo uje mweupe. Ukuta wa baraza ulipita mvua mbili kubwa bila kumomonyoka. Alimpigia simu Nilima akapiga kelele mpaka majirani wakatoka. Asrita, binti wa Yohan, alianza kwenda kwake kila mwisho wa wiki kushika bakuli. Shangazi na mpwa wake walikuwa wakigombana kama mawifi.

"Shangazi, tausi wako ana shingo ya twiga."

"Na wewe ukiolewa utakuwa na shingo ya hivyo hivyo, kwa kuchungulia jikoni kwa mama mkwe."

Mwezi Juni 2023 uchumba wa Asrita na Vinit Bara ulikubaliwa, na ndoa ikapangwa tarehe 10 Februari 2024. Silvanti alipanda basi akaja Khairatola. Aliketi mbele ya mdogo wake akamwomba chumba.

"Nataka kumchorea Asrita. Ukuta wako ni wa saruji, na mimi sasa naijua saruji. Niruhusu nianze mvua zikiisha, jua la Oktoba linakausha vizuri."

Yohan hakukataa. Laiti angekataa, kwa maana anayekataa hujulikana. Alisema watazungumza baada ya mavuno. Moyoni alijua kwamba akiuacha ukuta ule uchorwe, atakuwa amekiri mbele ya kijiji kizima kwamba ule wa mwaka 1988 haukustahili kufutwa. Hakuwa akilinda imani. Alikuwa akilinda jina lake, na imani aliifanya ukuta wa kujifichia. Mtu anaweza kuacha miungu ya babu zake na bado akajisujudia mwenyewe.

Tarehe 9 Oktoba 2023 madaktari wa Ranchi walikuta saratani ya kongosho, nayo ilikuwa imekwisha kusambaa. Silvanti alikuwa muuguzi, hivyo hakuhitaji kufafanuliwa. Alikubali dawa za maumivu, akakataa nyingine. Kila alipompigia Yohan simu alizungumza habari za Asrita, kisha akauliza, "Mavuno vipi?" Mavuno yalikwisha. Noeli ikapita. Tarehe 14 Januari 2024, baada ya ibada, Asrita alimwambia baba yake, mbele ya mama yake, "Baba, shangazi hakuulizi habari za mpunga." Yohan alichukua simu akasema njoo.

Silvanti alikuja Jumatatu tarehe 22, amelazwa kiti cha nyuma cha gari la kukodi, ndoo za udongo zimemzunguka. Alikuwa ameuchimba mwenyewe mwezi Septemba, kabla hajajua. Asrita na Sushila walikuwa wamekwisha kuukwangua ukuta na kuusiliba kwa maelekezo ya simu. Siku hiyo hiyo walipaka mweusi. Lakini Januari si Oktoba. Ukungu uliingia mpaka ndani, na ukuta ukakataa kukauka. Waliwasha majiko mawili ya makaa chumbani, wakapeperusha kwa ungo. Jumanne ukuta ulikuwa mbichi, na Jumatano pia. Silvanti alilala chumba cha pili, na kila saa aliuliza, "Umekauka?" Siku hizo tatu ndizo alizokuwa nazo za nguvu. Jua la Oktoba lingempa zote.

Alhamisi tarehe 25 ukuta ulikauka. Walimweka kwenye kiti cha plastiki, Asrita akapaka mweupe, Silvanti akachana. Mkono wake haukuinuka juu ya bega. Alichora sehemu moja, upana wa mlango, urefu mpaka kiunoni: shina la mti, samaki wawili, na miguu minne mikubwa, ambayo kila aliyekuwepo aliijua ni ya mnyama gani. Alipofika kwenye tumbo, mkono uliteremka wenyewe mapajani.

Yohan alikuwa mlangoni. Alipiga magoti kando ya kiti.

"Dada, nisamehe kwa ule ukuta."

"Nilikusamehe kabla sijaivua sari ya harusi."

Akapumua kidogo, kisha akasema, "Lakini haukuwa wangu peke yangu. Mama hakuchora tena, Yohan. Hilo siwezi kukusamehe kwa niaba yake."

"Nifanye nini basi?"

"Hakuna. Lete maji, udongo unakauka."

Aliyaleta. Aliporudi, dada yake alikuwa amefumba macho, na mweupe ulikuwa umekwisha kushika. Walimrudisha kitandani. Hakuingia tena katika chumba kile. Siku zilizofuata alimfundisha Asrita kwa kidole juu ya blanketi, akimwonyesha mgongo unavyopinda na mtoto anavyojikunja, mpaka kidole nacho kikachoka. Silvanti Minj alifariki Jumatano tarehe 31 Januari 2024, saa nne asubuhi, katika nyumba ya mdogo wake, akiwa na umri wa miaka sitini. Nilima alikuwa amemshika mkono. Kucha zake zilikuwa na udongo mweusi, na wanawake waliomwosha waliuacha.

Ameacha mwana, Anup Minj, na mkewe Rashmi. Binti, Nilima Minj. Wajukuu wawili, Aarav na Preeti. Mdogo wake, Yohan Khalkho, na mkewe Sushila. Mpwa wake, Asrita. Na watoto wa vijiji kumi na vinne aliowapokea wakiwa uchi na akawafunika.

Marehemu aliagiza kwamba ndoa isiahirishwe, na familia imeheshimu agizo hilo. Aliagiza pia kwamba tangazo hili linalofuata lisomwe kaburini, kwa kuwa alijua wote mtakuwepo. Ukuta wa chumba cha Asrita ni mweusi, isipokuwa ile sehemu ya upana wa mlango. Udongo mweupe umelowekwa. Wanawake wanaojua kazi hii, wa dini yoyote, wanaombwa wafike Jumatatu tarehe 5 Februari baada ya chakula cha asubuhi. Sehemu aliyoichora yeye asiimalizie mtu. Ibaki na miguu yake minne. Yohan atakuwepo, atateka maji. Ukutani hatagusa.

Tunamlaza Silvanti ubavuni mwa Etwari. Yale ambayo mmoja wao alikwisha kuyasamehe, na yale ambayo mwingine hakuombwa kamwe kuyasamehe, yako mbele za Mungu. Dada yetu, mkunga wetu, apumzike kwa amani.